Jirani Akigeuzwa Adui, Mama Ufanyeje?



Jumapili ya tarehe 5 Mei 2013, Wakristo wa Olasiti, Arusha, walikusanyika kwa furaha kuzindua parokia yao mpya. Balozi wa Papa nchini mwetu, Askofu Mkuu Francisco Padilla, alikuwapo. Ghafla bomu likarushwa katikati ya watu. Watatu walipoteza maisha na zaidi ya 60 walijeruhiwa.

Huku kwetu Nainokanoka habari zilitufikia kwa redio. Kesho yake asubuhi, ukungu ukiwa bado umetanda, akina mama walikuja kliniki kupima watoto, na mazungumzo yalikuwa hayo tu. Mmoja akaniambia, "Nesi, kuanzia leo sinunui hata chumvi dukani kwa Mwislamu." Wenzake wakaitikia. Mimi, mtumishi wa kanisa, nilinyamaza. Moyoni nilikubaliana naye.

Wakati huo hakuna hata mmoja wetu aliyejua ni nani aliyerusha bomu lile. Lakini sisi tulikwisha kumpata mkosaji: mwenye duka, yule yule aliyewahi kutuazima taa yake usiku mama mmoja alipojifungua gizani. Kwa siku kadhaa nilipita mlangoni pake bila kuitikia salamu yake.

Kisha mkewe akaja na mtoto mwenye homa kali. Nilimpima, nikampa dawa ipasavyo, ila sikumpa neno hata moja la faraja. Alipokuwa akimfunga mtoto mgongoni akasema kwa upole, "Nesi, tumesikia ya Olasiti. Poleni sana. Tumewaombea." Jamani, niliona aibu! Yeye ndiye aliyetimiza lile ambalo mimi huwafundisha wenzangu kila Alhamisi.

Kusamehe si kunyamaza

Dada mpendwa, Bwana Yesu alituagiza kuwapenda adui zetu na kuwaombea wanaotuudhi (Mathayo 5:44). Wengine hudhani maana yake ni kukubali kuonewa. Sivyo. Mtume Paulo alipotafutwa auawe kule Dameski, alishushwa ukutani ndani ya kapu akakimbia (Matendo 9:25). Aliposhtakiwa kwa uongo alidai haki yake ya kusikilizwa na Kaisari (Matendo 25:11). Kwa hiyo ukitishiwa kwa sababu ya imani yako, mwambie mchungaji, toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi, na uwatoe watoto mahali pa hatari. Kazi ya kuadhibu ni ya serikali. Kisasi si chetu (Warumi 12:19).

Jeraha lenye usaha

Sisi wauguzi tunajua kwamba jeraha likifungwa bila kusafishwa hutunga usaha ndani, hata kama bandeji ni nyeupe. Chuki nayo ni hivyo. Askofu Festo Kivengere wa Uganda, aliyewahi kufundisha shule Dodoma, aliijua hali hiyo. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kivengere na mkewe Mera walitoroka kwa miguu usiku, wakivuka milima kuingia Rwanda. Baadaye alikiri kwamba uchungu dhidi ya Amin ulikuwa ukimkausha rohoni, mpaka alipomwomba Mungu amwezeshe kusamehe. Mwaka ule ule alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Hata hivyo hakuacha kusema wazi maovu ya utawala ule.

Samaki mmoja akioza

Tunapenda kusema samaki mmoja akioza wameoza wote. Tusiutumie msemo huo kwa watu. Tarehe 21 Desemba 2015 magaidi wa Al-Shabaab walisimamisha basi karibu na Mandera, Kenya, wakataka Wakristo watengwe. Abiria Waislamu walikataa. Wanawake wa Kiislamu waliwapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike wasitambulike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi kwa kuwatetea, akafariki Januari 2016. Je, mama, kama ungekuwa ndani ya basi lile, ungependa kuketi karibu na nani?

Tuanzie nyumbani

Watoto hutusikiliza tunapochambua mboga na tunapokoka moto. Tukisema "wale watu ni wabaya," tumekwisha kuwafundisha. Basi yapokee mambo haya matatu. Kwanza, usisambaze habari ya fitina usiyoijua chanzo chake. Pili, waombeeni waliojeruhiwa na pia waliojeruhi, watoto wakisikia. Tatu, jirani wa imani nyingine akifiwa au akiugua, nenda. Chukua maziwa au kuni, kaa naye.

Mimi nilikwenda. Nilisimama dukani kwa yule baba nikamwambia, "Shikamoo mzee. Nimekukosea, siku zote hizi sikuitikia salamu yako." Akacheka, akasema, "Marahaba, nesi. Nilidhani una kazi nyingi." Nikanunua chumvi.

Mama mpendwa, je, yuko jirani ambaye salamu yake huitikii? Usingoje mwezi ujao. Mungu akutie nguvu uende leo.