Kompyuta za Ofisini: Tukalafati au Tununue Mpya?

Mvuvi wa visiwa vyetu hanunui chombo kipya kwa sababu tu jirani yake amenunua. Hukipandisha chombo chake pwani, akakikagua ubao kwa ubao, akakikalafati kwa pamba, akakipaka sifa na shahamu, kisha akarudi baharini. Lakini mvuvi huyo huyo akiona mkuku umeoza, hathubutu tena kukitia chombo hicho majini. Busara hiyo ya pande mbili ndiyo tunayopenda leo kuwakumbusha wananchi na wakuu wa ofisi zetu za Serikali, katika jambo la kompyuta.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilimaliza huduma ya kawaida ya mfumo endeshi wa Windows 10, uliotolewa mwaka 2015. Kwa msomaji asiyelizoea jina hilo, mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoiongoza kompyuta. Juu yake ndipo zinaposimama programu za barua, za hesabu na za kumbukumbu za watu. Mahali pa Windows 10 pamekwisha kukaliwa na Windows 11, uliotolewa Oktoba 2021. Lakini mfumo huo haukubali kila kompyuta. Unataka kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, nafasi ya kuhifadhi isiyopungua gigabaiti 64, na chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazimo katika orodha ya zinazokubaliwa.

Hapo ndipo penye swali. Kompyuta iliyo mezani pa karani inawaka, inaandika na inachapa. Je, itupwe? Yapo makundi mawili yanayojibu kwa haraka, nasi twaona kwamba yote mawili yamekosea.

Kundi la kwanza lasema zote zitupwe, ziletwe mpya. Hapana shaka kipya kinyemi, ingawa kidonda. Lakini historia haiwaungi mkono. Windows XP ulitolewa mwaka 2001 na ukahudumiwa hadi Aprili 2014, zaidi ya miaka 12. Katikati ya muda huo, mwaka 2007, ukaja Windows Vista, na wengi walioukimbilia waliukuta mzito kwa mashine walizokuwa nazo. Waliosubiri Windows 7 wa mwaka 2009 hawakupata hasara yoyote. Tena sisi ni watu wa visiwa. Kila kompyuta hununuliwa kwa fedha za kigeni na huvushwa bahari, na ikifa, risasi na sumu nyingine zilizomo ndani yake hubaki katika ardhi yetu hii finyu, juu ya maji tunayokunywa.

Kundi la pili lasema ziachwe kama zilivyo, maadamu zinafanya kazi. Hao tunawakumbusha mwezi wa Mei 2017. Virusi vilivyoitwa WannaCry viliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, vikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Huko Uingereza hospitali za umma ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimekwisha kutolewa mwezi Machi, miezi miwili kabla. Kompyuta nyingi zilizoumia zilikuwa na Windows 7, mfumo uliokuwa bado ukihudumiwa wakati ule; tatizo ni kwamba hakuna aliyejisumbua kukitia kiraka. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Basi kipimo chetu kiwe nini? Kwa maoni yetu swali la kuuliza kwa kila kompyuta ni moja tu: Je, mfumo wake bado unapata viraka vya usalama, na je, kuna mtu aliyepewa kazi ya kuvitia? Ikiwa ndiyo, upya wa sura ya mfumo ni anasa inayoweza kungoja. Ikiwa siyo, na kompyuta hiyo imeunganishwa na mtandao, basi daftari la vizazi, hati za mashamba na majina ya wagonjwa vimeachwa nje mlango ukiwa wazi, hata kama mashine yenyewe inang'aa.

Kwa kipimo hicho njia zinaonekana. Kompyuta inayoukubali Windows 11 ipandishwe bila kuchelewa, kwani mwenye Windows 10 halali hatozwi kitu. Isiyoukubali yaweza kununuliwa muda: Microsoft iliziwekea taasisi bei ya dola 61 kwa kompyuta moja kwa mwaka wa kwanza, nayo huongezeka maradufu kila mwaka, kwa muda usiozidi miaka mitatu. Anayelipa miaka yote mitatu hutoa dola 427, fedha zinazokaribia bei ya mashine mpya. Njia hiyo yafaa kwa anayejipanga, wala si kwa anayeahirisha. Taasisi za elimu zimewekewa bei ndogo sana inayoanzia dola 1, na ni wajibu wa wakuu wa shule kulifuatilia jambo hilo.

Njia nyingine ni ya mifumo ya Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Mifumo hiyo haiuzwi. Ubuntu 24.04, uliotolewa Aprili 2024, umeahidiwa miaka mitano ya viraka bila malipo, na yapo matoleo mepesi yanayofufua mashine kongwe. Wala lugha yetu si mgeni katika uwanja huo: mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

Lakini hatutaki kumdanganya mtu. Jiji la München, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, likahamisha kompyuta zipatazo 15,000, kisha mwaka 2017 baraza lake likapiga kura kurudi Windows, baada ya malalamiko ya watumishi na mabishano ya wanasiasa. Polisi wa Gendarmerie wa Ufaransa walikwenda kwa mwendo mwingine. Mwaka 2005 walibadili kwanza programu za kuandikia, watumishi wakazizoea. Ndipo kuanzia mwaka 2008 wakabadili mfumo wenyewe, na wameendelea nao. Funzo letu ni kwamba watu hutangulia, mashine hufuata. Na ofisi yenye programu ya hesabu inayokubali Windows pekee isisukumwe kwenye Linux kwa ajili ya kuokoa fedha za leo, ikaja kupoteza hesabu za kesho.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu yafanyike. Kwanza, kila ofisi iandike orodha ya kompyuta zake: umri wake, mfumo wake, kazi yake, na kama imeunganishwa na mtandao. Pili, zinazoshika kumbukumbu za wananchi zitangulizwe, na nakala za kumbukumbu hizo ziwekwe mahali pengine, kwani hakuna mfumo usioweza kuvunjwa. Tatu, pasinunuliwe kompyuta yoyote, mpya au kuukuu, kabla ya kuulizwa itapata viraka hadi mwaka gani. Na misaada pia iulizwe vivyo hivyo. Mashine ya bure iliyokwisha kuachwa na wenyewe ni mzigo.

Kazi hiyo haidai fedha nyingi. Yadai kalamu, karatasi na mtumishi mwaminifu atakayepita meza kwa meza, kama fundi apitavyo ubao kwa ubao. Mwananchi anayefika dirishani kutafuta cheti cha mwanawe hajali ni mfumo gani unaotumika nyuma ya kioo. Anachotaka ni kukikuta cheti kile. Tukishindwa kumpatia, hatutakuwa na udhuru, kwani tarehe ile ilitangazwa mapema, nasi sote tuliisikia.