Muulize Mche Babake Nani

Njooni tukae, wajukuu zangu, lakini si hapo chini ya mnazi. Nazi ikikomaa haipigi hodi.

Huku kwetu Msambweni, toka Gazi hadi Ramisi, minazi iliyojaa ni ile mirefu anayoikwea mgema. Huanza kuzaa baada ya miaka sita au zaidi, lakini ikishika huzaa hata mjukuu wa aliyeipanda akazeeka. Halafu kuna mifupi, ambayo hata mtoto huangua dafu akiwa amesimama chini. Hiyo huzaa ikiwa na miaka mitatu au minne, ila kiangazi kikikaza, huteseka upesi. Basi nani asingetaka kuiozesha, apate mnazi unaowahi kuzaa na usioogopa jua?

Shida ni kwamba mnazi mfupi kwa kawaida hujichavusha wenyewe. Karara likipasuka, tazameni matawi ya maua: kwenye ncha kuna maua madogo chungu nzima, hayo ni ya kiume; chini, karibu na kikonyo, kuna machache ya mviringo kama shanga kubwa, hayo ni ya kike. Mzalishaji wa mbegu huyapukusa ya kiume yote, kisha huyanyunyizia ya kike chavua ya mnazi mrefu. Nazi hukomaa baada ya mwaka hivi, ikatiwa kitaluni, ikachipua. Je, ikiwa kuna ua moja la kiume lililosahaulika? Tungoje miaka mitano tuone?

Hatungoji. Mzalishaji mjanja alichagua mama wa rangi ya njano.

Kila mnazi una jeni mbilimbili, moja ya mama, moja ya baba. Jeni ya njano ikikutana na ya kijani, kijani ndicho kinachoonekana. Njano hujificha, lakini haifi. Kwa hiyo mama wa njano akizaa mche wenye vikonyo vya njano, huyo amejichavusha, na mche hung'olewa. Ukitoka wa kijani au hudhurungi, baba ni yule mrefu. Chotara mashuhuri PB 121, aliyetoka kituo cha Port-Bouët huko Kodivaa, mamake ni mnazi mfupi wa njano wa Malaya na babake ni mnazi mrefu wa Afrika Magharibi.

Sasa chezeni. Ozesheni mnazi mfupi wa njano na mfupi wa kijani: watoto wote kijani. Nao wakijichavusha? Rusheni sarafu mbili pamoja, upande mmoja ni kijani, wa pili njano. Njano mbili zikiangukia pamoja, mche ni wa njano. Mkirusha mara nyingi, itakuwa karibu robo.

Mtawa Gregor Mendel aliyaona haya kwa njegere, ambazo wengine huziita minji, akayachapisha mwaka 1866. Katika jaribio la urefu, kizazi cha pili kilimpa mimea 787 mirefu na 277 mifupi. Si tatu kwa moja kamili, kwa sababu bahati nayo ina mkono wake. Ukipanda nazi nne tu, huenda zote zikatoka kijani. Nami naona alikuwa na akili kuchagua njegere. Angechagua minazi, angekufa akingojea kizazi cha pili.

Tena urefu wa mnazi si jambo la jeni moja. Jeni nyingi huchangia, na chotara huja wa katikati. Na watoto wa chotara hutawanyika: huyu mrefu, yule mfupi, mwingine mvivu wa kuzaa. Mkiona mnazi chotara wa jirani kule Ukunda umesheheni, msiombe nazi mkapande. Hiyo ni ya kukuna. Mche ununuliwe kitaluni, na kabla hujalipa, muulize muuzaji: mamake alikuwa wa rangi gani?