Maneno Magumu ya Kiingereza na Mtihani wa Chuo

Labda nyumbani kwako yumo kijana ajifungiaye na kamusi kwa ajili ya mtihani wa kuingia chuo. Hapa Kilosa mmoja wao alinijia ofisini parokiani. Baba yake aliuza magunia mawili ya mahindi kulipia mtihani wa kwanza, naye akashindwa. Alikuwa akikariri maneno thelathini kila siku, kuanzia herufi A. Alifika D.

Nikamwuliza: "Msomi, msomaji na somo, ulikariri kila moja peke yake?" Akacheka. Yote yatoka katika soma. Basi Kiingereza nacho kina mashina. Baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, maneno mengi ya Kifaransa na Kilatini yaliingia katika lugha ile, na ndiyo yajazayo vitabu vya chuo.

Na Kilatini, msomaji, si kigeni kabisa kwetu. Wazee walioimba Misa kabla haijawa ya Kiswahili miaka ya 1960 wajua kuwa "Credo" ni Nasadiki. Katika shina hilo mna "creed", kanuni ya imani, "credible", chenye kusadikika, "incredible", kisichosadikika, "credulous", mtu asadikiye lolote aambiwalo, hata "credit", mkopo, kwani mkopeshaji amekuamini. Neno moja la kanisani, matano ya mtihani!

Lakini shina hudanganya pia. Kijana wetu alijua kuwa "in" mwanzoni mwa neno hukanusha, akaandika kwamba "inflammable" ni kitu kisichoshika moto. Nikamwambia: "Uendapo Mikumi kwa dada yako, yatazame malori ya mafuta yapitayo barabara kuu kwenda Iringa na Zambia. Mna onyo la moto ubavuni. Je, utawasha kiberiti pale?" Hapo "in" haikanushi, kwa Kilatini yatia nguvu tendo la kuwasha. Kwa hiyo akisha kukisia maana, sharti aihakikishe katika kamusi, kisha atunge sentensi yake mwenyewe.

Siku hizi daftari lake lina Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia. Babu yake hajui Kiingereza, lakini kila jioni hulishika, husoma Kiswahili, na kijana akijibu hufuata herufi kwa kidole. Wakifika kwenye "credible" mzee hatazami daftari.

Mtihani ni mwezi ujao. Babu amekwisha agiza daftari la pili.