Hakuna mehr ya Maneno Marefu

"Mwalimu, kivumishi kiwe na silabi ngapi ndipo nitumie mehr?" Kila muhula swali ni hilohilo, na kila anayeuliza tayari ana jibu daftarini: neno fupi huongezewa -er, refu hutanguliwa na mehr. Futa. Kwa Kijerumani urefu wa neno hauhusiki hata kidogo. Schön huwa schöner, interessant huwa interessanter, na verantwortungsvoll, lenye silabi tano na herufi kumi na nane, huwa verantwortungsvoller.

Kuhesabu silabi ni desturi ya Kiingereza, na huku kwetu inashika upesi kwa sababu "zaidi" ya Kiswahili nayo husimama peke yake kando ya sifa. Mwanafunzi simlaumu. Nawalaumu wanaotunga ile mihtasari inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, yenye jedwali la "maneno mafupi" na "maneno marefu". Mtu anayejiandaa kwenda kufanya kazi ya uuguzi Ujerumani anaikariri usiku kucha, kisha anaandika mehr stark pale anapotaka kueleza kwamba maumivu ya mgonjwa yamezidi. Inatakiwa stärker: Die Schmerzen sind stärker geworden. Na stark lina silabi moja tu! Jedwali lenyewe halikumwokoa, kwa sababu likishakufundisha kukimbilia mehr, utaikimbilia popote.

Wabishi hujibu kwamba wamewasikia Wajerumani wenyewe wakitamka mehr mbele ya kivumishi. Kweli, wamesikia. Er ist mehr müde als krank: huyu amechoka kuliko anavyoumwa. Hapo hakulinganishwi watu wawili, bali hali mbili za mtu mmoja, na hata hapo wengi husema eher. Kwingineko mehr ni viel iliyopanda daraja, inayohesabu wingi wa kitu: mehr Zeit, mehr Wasser. Ndiyo maana mehr besser ni kosa mara mbili. Besser imekwisha kupanda.

Nguvu hiyo ya kuhesabu silabi ingetumika kwenye irabu. Alt, älter, jung, jünger, groß, größer, kurz, kürzer, vivyo hivyo kalt, warm, lang na schwach. Lakini klar na schlank hazibadiliki, kwa hiyo kariri orodha, usibahatishe. Teuer hupoteza e moja: teurer. Wakaidi ni gut, besser, am besten. Gern, lieber, am liebsten. Hoch, höher, am höchsten. Nah, näher, am nächsten.

Daraja la juu kabisa: baada ya sein, tumia am na -sten, mbele ya nomino, weka artikeli ya nomino hiyo, der höchste Berg. Shina likiishia kwa t, ß au z, kwa kawaida e huingia katikati, am kältesten, am heißesten, isipokuwa am größten. Kwenye mtihani, kuliko ni als, sawa na ni wie: Der Kilimandscharo ist höher als die Zugspitze, mita 5,895 dhidi ya 2,962. Ukitaka kusema ni mrefu zaidi sana, ni viel höher. Sehr höher haipo.