Istilahi za Tegu wa Mijusi

Mfasiri akabidhiwapo taarifa ya kisayansi kuhusu tegu wa mijusi wa nchi za joto na viambato vya miili yao, hukwama kwanza penye jina. Katika mazungumzo, minyoo yote ya tumboni huitwa mchango. Kwa mwalimu au mganga hilo halitoshi. Mchango ana mwili wa mviringo, kinywa na utumbo. Tegu ni bapa mithili ya utepe, mwenye pingili nyingi, wala hana kinywa wala utumbo. Levamisoli humpooza mchango, lakini si dawa ya tegu. Tangazo la afya likiyachanganya majina hayo, mgonjwa atameza dawa isiyomfaa.

Tegu wa jenasi ya Oochoristica hukaa matumboni mwa mijusi, wakiwamo wale wa jenasi ya Agama. Mjusi huwapata kwa kula wadudu, kama mbawakawa, waliobeba lava zao. Hivyo mbawakawa ni mwenyeji wa kati, na mjusi mwenyeji wa mwisho. Yuko atakayepinga kwamba mwenyeji humkaribisha mgeni kwa hiari, na mgeni huyu hashiki jembe hata siku ya tatu! Hata hivyo neno limekwisha kuzoeleka, nasi hatuoni sababu ya kulibadili.

Zile duara nne za kichwani zisiitwe vinyonyeo. Kazi yake ni kumshikiza tegu utumboni, basi vishikizi ndilo jina lifaalo. Chakula hupenya kupitia ngozi ya mwili mzima.

Pagumu zaidi ni penye virutubisho. Anayeandika “thamani ya lishe ya tegu” humfanya msomaji adhani tegu ni kitoweo. Mtafiti hupima kilichomo mwilini mwa tegu: protini, mafuta, na hasa glikojeni, ambayo ndiyo akiba yake kuu ya nguvu. Glikojeni isifasiriwe wanga, kwani wanga ni akiba ya mimea. Kuhusu mafuta, tegu hawezi kujiundia asidi za mafuta tangu mwanzo. Huzipata kwa mwenyeji wake. Kwa hiyo kitenzi sahihi ni “hufyonza”, si “hutengeneza”. Aidha, asilimia zikitajwa, maneno “ya uzito mkavu” yasiachwe pale yalipo katika matini asilia, maana mwili wa tegu ni maji kwa sehemu kubwa, na tarakimu ileile itasomeka vingine kabisa.