Butembo: Bei ya kwenye simu si bei ya mlangoni

Jozi ya viatu kwa dola 4. Bei hiyo ni vigumu kuipata sokoni Butembo, lakini kwenye simu inaonekana kila siku, imeandikwa kwa rangi nyekundu, na juu yake bei ya zamani imepigwa mstari. Ndiyo inayowavuta wakaaji wa Kivu Kaskazini kwenye maduka makubwa ya mtandaoni ya China. Wengine wanapata faida. Wengine wanapoteza akiba ya miezi kadhaa, na mara nyingi aliyewaponza si mwizi, ni hesabu.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi mjini Butembo anaijua hesabu hiyo vizuri. Mshahara haumtoshi, kwa hiyo mwisho wa juma anauza viatu vya vijana. Kwa muda wa miaka mitatu amenunua bidhaa katika duka moja kubwa la mtandaoni, na kila ununuzi ameuandika katika daftari.

Mara ya kwanza alichukua jozi 24 kwa dola 96. Mfanyakazi wa ajansi ya usafirishaji alimwambia kwamba kilo moja kwa ndege, kutoka Guangzhou hadi Butembo kwa njia ya Entebbe, ni dola 12, duane ikiwa ndani. Kwenye mizani koli ilikuwa na kilo 11. Alipokwenda kuichukua, aliombwa alipe kilo 20.

Haikuwa wizi. Kampuni za ndege zinalipisha uzito ao ukubwa wa koli, kile kinachozidi. Wanapima urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanazidisha, kisha wanagawanya kwa 6000. Katoni yake ilikuwa ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40, yaani 120,000. Ukigawanya kwa 6000 unapata kilo 20. Nusu ya katoni ilikuwa hewa iliyomo ndani ya maboksi ya viatu.

Alilipa dola 240 za usafiri. Ukiongeza zile 96, kila jozi ilifika kwa dola 14, na sokoni viatu vya namna hiyo vilikuwa vinauzwa dola 12. Hasara ikawa dola 48, na zilitoka katika pesa alizoweka kwa ajili ya karo ya watoto wake.

Mara ya pili aliomba maboksi yatolewe na viatu vibanwe vizuri. Katoni ikapungua hadi sentimita 40 kwa 40 kwa 35, na ajansi ikahesabu kilo 10. Viatu vilevile, idadi ileile, vikafika kwa dola 9 kwa jozi. Tofauti yote ilitoka kwenye boksi.

Lakini kuna mtego mwingine ambao wanunuzi wengi wanautambua wakiwa wamechelewa. Mara nyingi duka la mtandaoni halimtumii mtu wa Butembo koli moja kwa moja. Linaipeleka kwenye depo ya ajansi kule Guangzhou, na ajansi ndiyo inayoileta huku. Kwa duka, mnunuzi amekwisha kupokea bidhaa siku ile koli inapoingia depo. Tangu hapo siku za kulalamika zinaanza kuhesabiwa.

Sheria ya China, tangu Machi 2014, inampa anayenunua kwenye mtandao siku 7 za kurudisha bidhaa nyingi bila kueleza sababu, kuanzia siku anapozipokea. Kwa mkaaji wa Guangzhou hiyo ni haki kubwa. Kwa mtu wa Butembo siku hizo zinaisha bidhaa ikiwa bado depo ao iko angani. Na ikija kwa meli hadi Mombasa, kisha kwa lori kupitia Kampala na mpaka wa Kasindi, hupita miezi kabla hajaifungua.

Ndivyo mwalimu huyo alivyopokea siku moja jozi 12 za mguu wa kushoto na wa kulia zenye namba tofauti. Aliandikia duka. Jibu lilikuwa fupi: muda umepita. Tangu siku hiyo analipa ajansi pesa kidogo ili koli ifunguliwe depo, bidhaa zihesabiwe, na picha zitumwe kwa WhatsApp kabla ya kusafirishwa. Kosa likionekana kule, bado linaweza kurekebishwa kule.

Kuhusu ile bei iliyopigwa mstari, tahadhari inahitajika pia. Mwezi wa Julai 2025, idara ya serkali ya Ufaransa inayopambana na udanganyifu katika biashara iliitoza Shein, duka kubwa la nguo za mtandaoni, faini ya euro milioni 40. Sababu mojawapo ilikuwa punguzo la bei lisilo la kweli: kuna bidhaa ambazo bei yake ilikuwa imepandishwa kwanza, kisha ikatangazwa kuwa imeshuka. Saa inayohesabu dakika kwenye kioo cha simu ina kazi ileile, kumnyima mnunuzi nafasi ya kufikiri.

Dawa yake ni rahisi: kuandika bei leo, kungoja juma mbili, kisha kuangalia tena. Punguzo la kweli lipo. Tarehe 11 Novemba, siku ya mauzo ambayo Alibaba iliianzisha mwaka 2009, wauzaji wengi wa China wanashusha bei. Ila anayejua bei ya Oktoba ndiye anayeweza kusema kama ya Novemba imeshuka.

Kuna bidhaa ambazo bei ndogo haiwezi kuziokoa. Betri za kuchajia simu ni mfano. Tangu Aprili 2016, betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake hazikubaliwi kama mzigo katika ndege za abiria, hivyo zinaweza kukwama depo. Simu nyingi zilizotengenezwa kwa soko la ndani la China hazina huduma za Google, na anayenunua bila kuuliza anagundua hilo nyumbani. Nguo nazo mara nyingi ni ndogo kuliko namba iliyoandikwa. Ni afadhali kupima kwa sentimita na kulinganisha na jedwali la muuzaji.

Duane pia iingizwe katika hesabu. Kongo inatoza TVA ya 16 kwa mia kwenye bidhaa nyingi zinazoingia inchini, mbali na ushuru wenyewe. Ajansi nyingi zinajumlisha yote hayo katika bei ya kilo, lakini si zote. Mnunuzi aulize mapema, na jibu liwe kwa maandishi, pamoja na risiti.

Njia moja inayopunguza gharama ni kununua kwa kikundi. Watu wanaoaminiana tayari katika likelemba wanaweza kukusanya oda zao katika koli moja, wakagawana gharama za depo na kupata bei ya wanaonunua nyingi. Mmoja anashika daftari, na kila mtu anaona picha na risiti.

Hata hivyo, kuna siku ambapo bei ya chini kabisa iko palepale mjini. Wafanyabiashara wa Butembo wana mazoea ya siku nyingi ya kuleta makontena kutoka China na Dubai. Kontena linapobeba maelfu ya jozi, usafiri wa jozi moja unakuwa pesa kidogo sana, na mtu wa katoni moja hawezi kushindana naye. Mnunuzi wa rejareja anapata faida ya kweli kwenye kitu kidogo, chepesi, ambacho maduka ya hapa hayana: kipuri cha cherehani, kifaa cha pampu ya maji, sehemu ya mashine ya kusaga.

Kwa viatu, mwalimu huyo sasa anaanza kwa kuzunguka maduka ya jumla ya mjini akiwa na daftari mkononi. Bei ya kwenye simu anaigusa tu baada ya kuiongezea kilo, duane na hatari ya kupoteza. Mara nyingi, kwa hesabu hiyo, anainunua jozi hapohapo mjini, baada ya kuishika, kuikunja na kumjaribisha mtoto.