Skafu ya Doctor Who
Skafu ya Doctor Who ni skafu ndefu yenye milia ya rangi nyingi, iliyovaliwa na mwigizaji Tom Baker katika tamthilia ya televisheni ya Uingereza Doctor Who kuanzia mwaka 1974. Mbunifu wa mavazi James Acheson alimpa mfumaji Begonia Pope nyuzi nyingi ili achague. Yeye akazifuma zote, ndiyo sababu skafu ikawa ndefu kupita kawaida.

Watu wengi hujifunza kufuma kwa kuiga skafu hiyo, kwa kuwa hutumia namna moja tu ya kufuma, bila kuongeza wala kupunguza vitanzi. Anayejifunza huhesabu vitanzi kila anapobadilisha rangi, kwani kitanzi kimoja kikiponyoka sindanoni huweza kufumua mistari iliyo chini yake.